Kupiga picha za treni Frankfurt huku ukisubiri ndege

Ndege ya usiku kutoka Nairobi inakufikisha Frankfurt asubuhi mapema, na ukiwa unaunganisha kwenda Amerika unaweza kubaki na saa sita au saba za bure. Mimi hesabu yangu huianzia mwisho. Ndege ikiondoka saa saba mchana, saa nne na nusu niwe nimesharudi uwanjani. Foleni ya pasipoti naitengea saa nzima, kwa kuwa tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen (nchi za Ulaya zenye mpaka wa pamoja) imeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso. Muda wa kusubiri ukiwa chini ya saa tano, sitoki.

Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, kutoka nje kunahitaji viza ya Schengen au kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen. Viza ikiwa ya kuingia mara moja tu, matembezi haya yameimaliza. Usitegemee kuitumia tena wakati wa kurudi.

Stesheni ya treni za mjini, S8 na S9, iko chini ya Terminali 1. Panda inayoandikwa Hanau au Offenbach; ya Wiesbaden inakwenda upande wa pili, ukiupa mji mgongo. Tiketi nunua kwenye mashine kabla ya kupanda. Hakuna geti, lakini mkaguzi akikukuta huna, faini ni euro 60. Baada ya robo saa hivi uko Frankfurt Hbf, yaani stesheni kuu, chini ya ardhi. Panda ngazi hadi ukumbini. Begi la mkononi liache kwenye makabati ya kufuli, maana utatembea sana.

Stesheni hii ya mwaka 1888 ni ya mwisho wa reli: treni huingia kutoka magharibi, husimama, kisha hutoka kwa njia ileile. Ndiyo raha yake kwa mpiga picha. Dereva hana budi kuhamia kichwa cha upande wa pili, kwa hiyo ICE, treni ya mwendo kasi ya Ujerumani, hukaa dakika kadhaa na unapata nafasi ya kuizunguka. Asubuhi naenda moja kwa moja hadi ncha ya magharibi ya jukwaa, nje ya paa. Jua liko nyuma yangu na linaangaza uso wa treni inayoingia. Mchana ukishapita, mahali hapohapo jua linakupiga machoni na treni inatoka nyeusi.

Angalia herufi zinazoning'inia juu ya jukwaa, A na kuendelea. Ubao au DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani, huonyesha treni itasimama kati ya herufi zipi. Treni moja ya aina ya ICE 3 ina mabehewa 8 na urefu wa mita 200. Zikiunganishwa mbili ni mita 400, na pua zinakutana katikati. Pua ikifunguka kwa ajili ya kuunganishwa, utaona kiungio chenyewe na plagi zake za umeme. Hiyo picha naithamini kuliko kumi za treni nzima.

Chini ya paa giza ni jingi na vioo vya juu vinang'aa, hivyo kamera ikiachwa ijiamulie hutoa treni nyeusi. Naanzia ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/4 (uwazi wa lenzi) na kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde. Kasi ya 1/500 huharibu maandishi ya kwenye treni yanayotaja inakoenda: taa za LED huwaka na kuzima haraka mno, nusu ya herufi zinapotea. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie juu ya uso wa treni ili mwanga ufungwe hapo, na uzime HDR (inayounganisha picha kadhaa kuwa moja), la sivyo treni inayotembea hutoka na kivuli cha pili. Picha za matumizi binafsi zinaruhusiwa; flashi usitumie, inampofusha dereva, na usivuke mstari mweupe wa ukingoni.

Mwenye ndege ya usiku aende Camberger Brücke, daraja linalovuka reli magharibi ya stesheni. Alasiri jua linakuwa mgongoni unapotazama mashariki, na maghorofa ya mabenki yanasimama nyuma ya treni. Hapo beba lenzi ya kuvuta ya milimita 70–200. Desemba usichelewe: jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ukirudi uwanjani na bado una dakika thelathini, pitia stesheni ya treni za mbali. Mwanga wake ni hafifu, lakini ICE 3 za Köln hupita hapo zikielekea njia ya reli iliyofunguliwa 2002, yenye kasi ya hadi kilomita 300 kwa saa na miinuko mikali ya asilimia 4. ICE 3 iliundwa kwa ajili ya miinuko hiyo, ndiyo maana mota zake zimesambazwa chini ya mabehewa badala ya kurundikwa kichwani.