Dola sabini: Jumamosi niliyopita mbele ya San Quentin

Nilikaa California siku 16 mwezi wa nane mwaka jana, nilienda harusi ya mpwa wangu. Siku 15 sitaziandika, zilikuwa za kupika, kupokea wageni na kulala kwenye kochi la dada yangu kule Hayward. Ni ile Jumamosi moja tu ndiyo haijanitoka kichwani hadi leo.

Dada alikuwa shifti, akaniambia usikae ndani kama mgonjwa, panda treni mpaka San Francisco kisha uchukue feri ya kwenda Larkspur, inapita karibu na kisiwa cha Alcatraz na bei yake ni nafuu kuliko ya watalii. Nafuu kwao. Nikipiga hesabu kwa shilingi, nauli ya kwenda na kurudi ingenitoa Nairobi hadi Nyeri na kunirudisha na pesa ya chakula ibaki. Halafu nikaingia kwenye duka moja pale gatini nikanunua sandwichi, dola 19! Elfu mbili na mia nne na kitu kwa mkate na vipande vya kuku, na hata chumvi hawakutia. Na baridi sasa. Watu walikuwa wameniambia California ni jua, nikaenda na shati la mikono mifupi, kumbe Agosti ya San Francisco ni Julai ya Limuru, ukungu umeshuka mpaka majini na upepo unakupiga mbavuni.

Ndani ya feri nilikaa karibu na mama mmoja mweusi, mtu mzima, ana mkongojo na maua ya manjano aliyoyafunga kwa gazeti. Nimelelewa kwamba hauli mbele ya mtu mzima bila kumkaribisha, kwa hiyo nikakata ile sandwichi nikampa nusu. Akasema asante mwanangu, lakini nimefunga mpaka jua lizame. Nikafikiri ni Mwislamu. Akasema hapana, yeye ni mtu wa kanisa, ila huu ni mwezi wa Agosti Nyeusi, ni desturi iliyoanzishwa na wafungwa weusi wa California mwaka 1979 kukumbuka wenzao waliokufa magerezani, na yeye akiwa na nguvu hufunga siku kadhaa.

Tulipopita Alcatraz watu wote wakakimbilia upande ule na simu zao. Gereza limefungwa tangu 1963 na bado watu wanalipa kwenda kuingia seli zake. Halafu tulipokaribia Larkspur nikaona jengo kubwa la rangi ya krimu limekaa ukingoni kabisa mwa maji, milima nyuma yake, na nyumba za matajiri zimepanda ule mlima. Lile nalo ni gereza, San Quentin, liko pale tangu 1852 na lina watu ndani. Hakuna aliyeinua simu. Yule mama ndiye pekee aliyesimama, akashika chuma cha dirisha.

Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Kenya. Uso wake ukafunguka. "Mau Mau," akasema, vile vile tu, kama mtu anataja jina la kijana wa jirani. Akaniambia wao walipokuwa wadogo pale Oakland hilo jina lilikuwa kubwa, Malcolm X alikuwa amewaambia watu wa Harlem, mtaa wa weusi kule New York, mwaka 1964 kwamba wanahitaji Mau Mau wao. Kisha akanyosha mkongojo kwenye lile jengo. "Unamjua George Jackson?"

Kusema ukweli sikumjua. Namjua Angela Davis, yule mwanaharakati mweusi. Akasema, basi unajua mkia, hujaona mnyama.

Akaanza kunieleza. Kijana mzaliwa wa Chicago, 1941. Akiwa na miaka 18 alishtakiwa kuiba dola 70 kwa bunduki kwenye kituo cha petroli Los Angeles, akakiri. Hukumu yake? Mwaka mmoja hadi maisha. Nikamwambia arudie. Mwaka mmoja hadi maisha, yaani hakimu hatoi idadi, wewe unaingia, na bodi ndiyo inakaa kila baada ya muda kuamua kama umebadilika. Wakiona hujabadilika, unarudi seli. Yeye alikaa miaka kumi na zaidi na hakutoka tena. Humo ndani alisoma Marx, Mao na Fanon, akafundisha wengine, akajiunga na Black Panther, kile chama cha weusi waliopigania haki zao, na barua zake zilipochapishwa kitabu mwaka 1970 zikasomwa hadi Ulaya.

Nilikuwa nimebaki kwenye zile dola 70. Zinakuja kama elfu tisa za Kenya leo. Nilikuwa nimetumia zaidi ya hizo tangu Jumatano.

"Mwambie yote basi."

Huyo alikuwa mzee mzungu aliyekaa kiti cha mbele yetu, kofia kichwani, hata hakuwa amegeuka. Ndiyo akageuka sasa. Akasema baba yake alikuwa askari jela mle ndani, na kama unamsimulia mgeni, msimulie na hili: tarehe 21 Agosti 1971 Jackson alitoa bastola, wafungwa wakafunguliwa, na ikafikia mwisho wa siku askari watatu wamekufa, na wafungwa wawili weupe pia, na Jackson mwenyewe. Akataja majina ya wale askari taratibu, Jere Graham, Frank DeLeon, Paul Krasenes. "Wengine walikatwa koo. Hiyo unaiita mapinduzi?"

Mama hakupandisha sauti. Akamuuliza, na Januari 1970 pale gereza la Soledad, askari wa mnarani alipowapiga risasi wafungwa watatu weusi uwanjani, Nolen, Edwards na Miller, hicho kitendo unakiitaje? Mzee akasema walikuwa wanapigana. Mama akasema ndiyo, na jopo likaamua kwamba ni mauaji halali, na siku tatu baada ya hao kuuawa askari John Mills akauawa mle mle, wakashtakiwa Jackson na wenzake wawili, na wale wenzake mahakama ikawaachilia 1972, yeye akiwa kaburini tayari. Mzee akasema, kuachiliwa si kwamba hakuna aliyemuua Mills. Mama akasema, hapo umesema kweli.

Mimi nilikuwa katikati nimeshika nusu ya sandwichi. Watu walikuwa wameanza kutuangalia.

Mzee akaendelea. Akaleta habari ya mdogo wake Jackson, Jonathan, miaka 17, aliyeingia na bunduki mahakamani pale Marin Agosti 1970 akamteka jaji Harold Haley na wengine ili kaka yake aachiliwe, na jaji akafa, na huyo mtoto mwenyewe akafa na wafungwa wawili. Bunduki zilikuwa zimesajiliwa kwa jina la Angela Davis, ndiyo akashtakiwa, ndiyo mahakama ikamwachilia 1972. Mzee akasema "mwanamapinduzi anamtuma mdogo wake wa miaka 17?" Mama akasema hakuna aliyethibitisha kwamba alitumwa, na mtoto aliyekua akimtembelea kaka yake gerezani tangu akiwa mdogo hahitaji kutumwa.

Halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Akamwambia yule mzee: "Kama wangempa namba. Mitatu, mitano, hata kumi. Angehesabu, angetoka, na wewe na mimi tusingejua jina lake, na pengine wale watatu wangestaafu."

Mzee akakaa kimya, feri ikawa inagonga gati. Akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Namba au hakuna namba, mama, mtu anachagua. Waulize watoto wa wale askari." Akagusa kofia yake akashuka. Hakukubali hata chembe, na mimi sikumlaumu.

Mama alikuwa anaenda getini kwa miguu, na mkongojo ule, barabara ina magari ya mbio. Kwetu huwezi kumwacha. Nikamshika mkono tukatembea pole pole, dakika tano tunasimama, hata sijui ilichukua muda gani. Getini hatukukaa, askari alitoka akatuambia bila ukali kwamba hapa hakupigwi picha, nami sikuwa nimetoa simu. Tukashuka chini kidogo penye maji, akatupa yale maua moja moja. Matano kwanza, akanyamaza, kisha moja. Sikuuliza. Baadaye ndiyo nikahesabu, wale askari watatu na wafungwa wawili, halafu Jackson.

Tuliporudi feri ilikuwa imeondoka, na ndiyo ya mwisho tuliyoweza kuwahi. Nikaita teksi kwa simu, dola 84 mpaka Oakland. Themanini na nne! Zaidi ya zile alizofungiwa mtu maisha, nami nilizilipa kwa kugusa kioo cha simu mara moja. Mama alitaka kuchangia nusu nikakataa, utamlipishaje mama mwenye umri wa mamako.

Tukiwa darajani, gereza likionekana upande wa nyuma, akaniambia alikuwa msichana tu jeneza la Jackson lilipoletwa kanisa la St. Augustine hapo Oakland, barabara imejaa watu, ngumi juu. Ndilo kanisa ambalo Panther walianzia kuwapa watoto chai ya asubuhi ya bure mwaka 1969, na yeye alikunywa. Nikamuuliza, kwa hiyo kwako wewe ni shujaa tu, hakuna swali? Akachelewa kujibu. Akasema lile kundi alilolianzisha Jackson gerezani mwaka 1966, Black Guerrilla Family, baada yake liligeuka likawa la madawa na mauaji, na mwaka 1989 Huey Newton, mmoja wa waanzilishi wa Panther wenyewe, alipigwa risasi barabarani West Oakland na mtu wa kundi hilo hilo. "Si mbali na kwangu. Kwa hiyo usifikiri sijajiuliza."

Nikamwambia basi na mimi nina la kusema, na sijawahi kulisema nje ya nyumba yetu. Guka wangu, yaani babu, alikuwa ngati. Homgadi wa mkoloni, na bunduki ya mkoloni, Nyeri, wakati wa Emajensi, mkoloni alipopigana na Mau Mau. Na kaka ya nyanya yangu, shemeji yake Guka, aliingia msituni 1953 na hakurudi. Nyanya alikaa nyumba moja na mume wake miaka yote hiyo. Shuleni tulifundishwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ni shujaa, nyumbani hakutajwi mtu. Guka alipozikwa, ile historia ya marehemu iliyosomwa kanisani iliruka kutoka 1951 hadi 1961, na watu wazima wote wakaangalia chini.

Kimathi hakuhukumiwa kwa kupigania ardhi, mahakama ya Nyeri ilimhukumu kifo 1956 kwa kupatikana na bastola na risasi. Wakamnyonga gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mau Mau ikabaki kundi lililopigwa marufuku kwenye sheria zetu wenyewe mpaka 2003, miaka arubaini tuna bendera, na 2007 ndiyo sanamu yake ikasimama Nairobi. Mtu huyo huyo, bastola ile ile. Na Lari pia ilitokea, Machi 1953, wanawake na watoto wa wafuasi wa serikali walichomwa na Mau Mau ndani ya nyumba, siwezi kuificha kwa sababu napenda sanamu.

Tangu siku ile nimesoma usiku mwingi juu ya Jackson. Ile bastola, serikali ilisema wakili ndiye aliyeiingiza, wakili akatoroka miaka 13, akarudi 1984, na 1986 baraza la mahakama likamwachilia. Wenzake sita wa Jackson walioshtakiwa kwa ile siku ya Agosti 1971, watatu wakapatikana na hatia 1976 na watatu wakaachiliwa. California yenyewe ikaachana na hukumu zisizo na namba kwa makosa mengi, sheria ikabadilishwa 1976. Na kama mtu akiniuliza leo, mimi mjukuu wa ngati, nitasema alikuwa mwanamapinduzi. Aliingia mwizi wa dola 70, ni gereza lililomkataza kutoka, naye akakataa kuvunjika, akasoma, akaandika, akawafanya watu walio kwenye seli wajione ni watu. Lakini wale watano sitawaita gharama ya mapinduzi. Neno hilo silitaki mdomoni mwangu. Walikuwa na majina na yule mzee aliyajua kwa moyo.

Tulifika kwake jua likizama. Akatoa chupa ya maji kwenye mkoba akanywa hapo hapo kwenye gari kabla hajafungua mlango. Akaniuliza, Guka wako mlimzika wapi? Nikasema shambani, ana msalaba mzuri na sakafu ya simenti. Na Kimathi? Nikasema yuko mle mle Kamiti, kaburi hatulijui. Jackson, akasema, alipelekwa Illinois, Mount Vernon. Na yule shemeji wa Guka?

Sikuwa na jibu. Sikuwa hata nimewahi kuuliza.

Usiku ule nikampigia mama yangu, kwao ilikuwa asubuhi, nasikia kuku. Nikamuuliza kaka ya nyanya alikufa wapi, alizikwa na nani, na Guka alijua? Mama akanyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri laini imekatika. Kisha akaniuliza kama huko kuna baridi, na kama nilibeba sweta.