Kwa aliyeshika nafasi ya nne

Meza zimekunjwa, modeli zote zimerudi kwa wenyewe zikiwa nzima, na mpaka saa hizi hakuna aliyenipigia simu kulalamika. Kwa mtu anayeendesha klabu ya modeli, yaani ndege, vifaru, magari na meli ndogo za plastiki tunazounganisha na kupaka rangi wenyewe, hiyo tayari ni siku njema. Usingizi haujaja, basi acha niandike kuhusu swali ninalotembea nalo tangu tulipoanza kuandaa mashindano: haya mashindano yanamfaa nani hasa?

Klabu yenyewe ni ndogo. Tunakutana mara moja kwa mwezi. Wapo watu wa ndege, ambao ndio wengi. Wapo wa vifaru, wachache wa magari, na mzee mmoja wa manowari ambaye ukimpa boksi la kitu kingine atakushukuru vizuri na kulisahau mezani. Mtu mgeni akija hudhani tunachofanya ni kuonyeshana kazi zilizokwisha. Sivyo. Meza yenye kelele ni ile ya kazi ambazo hazijakwisha: mabawa yasiyopakwa rangi, kifaru kisicho na minyororo, mwili wa ndege uliojaa puti ya kuzibia nyufa kama jino lililozibwa. Modeli iliyokamilika unaisifu kisha unapita. Isiyokamilika inakulazimisha kuuliza: hapa umezibaje? Msasa gani huo? Mbona praima yako, ile rangi ya kwanza ya chini, haijachuruzika?

Mashindano yakija, meza hiyo inatoweka. Watu wanakuja na kazi zilizofunikwa, wanajaza fomu, wanaweka modeli mahali pake na kurudi nyuma hatua mbili. Jina halionekani, namba tu. Hakuna anayegusa. Majaji wanazunguka na tochi na kioo kidogo cha kutazamia chini ya matumbo ya ndege, na wenye modeli wanajifanya wanazungumza mambo mengine.

Kwa muda mrefu tulitumia mtindo unaojulikana na wengi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Si mtindo mbaya, na una wenyewe. IPMS, chama cha kimataifa cha wajenzi wa modeli za plastiki, kilianzia Uingereza mwaka 1963, na tawi la Marekani likafuata mwaka 1964. Kwa miaka mingi mashindano ya kitaifa ya tawi hilo yalijulikana kwa mtindo huo. Majaji watatu kwa kila kundi, ili wasifungane kura, na jaji mwenye modeli yake ndani ya kundi anakaa pembeni. Ni mtindo mwepesi kuuendesha. Majaji hawahitaji kuandika chochote. Wanaondoa zenye dosari mpaka zibaki modeli tatu, wanabishana kidogo, wanaondoka.

Shida ni yule wa nne. Tulikuwa na kijana mmoja wa ndege za 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege ya kweli, mikono yake mitulivu, asiyekosa mkutano. Kila shindano alikuwa anaishia nje ya watatu. Safari moja akanifuata wakati napanga viti: "Kaka, hebu niambie, ni nini kinaniangusha?" Nikaenda kumwuliza jaji wa kundi lile. Jibu: "Aa, ushindani ulikuwa mkali." Mtu amekaa na kazi yake miezi kadhaa, kisha anaambiwa ushindani ulikuwa mkali. Angeondoka na nini hapo? Sikuwa na la kumwambia, na mkutano uliofuata hakuja.

Wenzetu wa vifaru ndio walioniambia kuhusu AMPS, chama cha Marekani cha wajenzi wa magari ya kivita. Kule modeli haishindani na jirani yake, inapimwa kwa kiwango. Ikifika kiwango cha dhahabu inapata dhahabu, hata zikiwa tano mezani. Isipofika haipati, hata ikiwa peke yake. Na mwenye modeli anarudi nyumbani na karatasi yenye maoni ya majaji. Hiyo karatasi ndiyo iliyonivutia kuliko medali.

Tukaiga, kwa namna yetu. Karatasi yetu ni ndogo, ina mistari miwili tu. Wa kwanza: kilichofanywa vizuri. Wa pili: cha kurekebisha kwanza. Neno "kwanza" nililishikilia sana kwenye kikao, maana jaji ukimwachia nafasi atakuorodheshea dosari kumi na moja, na hakuna binadamu anayerekebisha dosari kumi na moja kwa wakati mmoja.

Asiyefanya kazi hizi atashangaa jinsi mstari wa pili unavyojirudia. Watu hudhani majaji wanahesabu ribiti, vile vipini vya kuungia mabati, au wanapima kama kijani ni kile kijani chenyewe. Wapi! Wanaanza na ujenzi. Mshono uliopo juu ya mwili wa ndege, pale nusu mbili zinapokutana nyuma ya kibanda cha rubani: unaonekana? Bawa la kushoto limenyanyuka kuliko la kulia? Matairi yote matatu yanagusa meza? Alama za mviringo zilizoachwa na vijiti vinavyosukuma plastiki kutoka kwenye chuma cha kutengenezea zimezibwa? Halafu stika. Stika ikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa inabaki chini yake, kwa sababu rangi ile si laini ukiitazama kwa karibu. Ukiangaza tochi kwa pembeni unaona utando wa rangi ya fedha. Dawa yake ni vanishi ya kung'aa kabla ya stika, kisha ile isiyong'aa juu yake mwishoni. Sijui nimeyaona maneno hayo kwenye karatasi ngapi.

Kuhusu rangi nina msimamo, na klabu yote inaujua. Rangi halisi ilipigwa jua, ikapakwa upya vitani na fundi mwenye haraka, na picha tunazozitegemea nazo zimefifia. Mtu akiniletea ndege ya kijani kidogo tofauti na kijani anachokijua jaji, mimi sioni kosa. Niliwahi kuwaona majaji wawili wakibishana kijivu gani ndicho chenyewe mpaka chai ikapoa, wakati ndege yenyewe ilikuwa imesimama kwa matairi mawili. Sasa kanuni inasema wazi: ujenzi kwanza, rangi kwa jinsi ilivyopakwa, na ubishi wa kijani gani au kijivu gani upelekwe nje ya ukumbi.

Kugawa makundi ni kazi nyingine inayokula jioni za mwandaaji. Ukiweka Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya 1/72 kando ya Spitfire ya 1/32, jicho linavutwa na kubwa hata kabla ubongo haujaamka. Bawa la Spitfire ya kweli, ncha hadi ncha, ni kama mita 11.2. Kwenye 1/72 hiyo ni chini kidogo ya sentimita 16; kwenye 1/32 inafika 35. Kwa hiyo tunatenganisha vipimo inapowezekana, na kundi likiwa na watu wengi tunaligawa siku hiyohiyo. Katibu wetu hupenda kuwaeleza wageni vipimo hivi vilitoka wapi, na simlaumu, kwa kuwa hadithi ni tamu. 1/72 ni inchi moja kwa futi sita: mtu mrefu wa futi sita anakuwa inchi moja juu ya meza. Ndicho kipimo kilichotumika Marekani mwaka 1942, jeshi la majini lilipoomba shule zitengeneze modeli za mbao 500,000 za kuwafundishia wanajeshi kutambua ndege za rafiki na za adui. Lakini 1/35 ya vifaru haina hesabu nzuri ya namna hiyo. Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kifaru chake cha Panther kiwe na nafasi ya kutosha kwa mota na betri tumboni. Umbo likatoka hivyo, likapimwa, kipimo kikaonekana karibu na 1/35, na leo dunia nzima ya vifaru inafuata ukubwa wa betri. Mtu wa vifaru akianza kunihubiria usahihi wa vipimo, namkumbusha hilo.

Nirudi kwenye karatasi. Faida yake kubwa sikuitegemea. Nilidhani ingewasaidia wenye modeli kujua makosa yao; kumbe imewapa nafasi ya kujibu.

Jana binti mmoja, pengine wa miaka kumi na mbili, alileta gari la mashindano la 1/24. Rangi imelala vizuri, vioo safi (anatumia gundi nyeupe ya maji kwenye vioo, supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu, na wakubwa kadhaa pale ukumbini bado hawajasadiki). Karatasi yake ikarudi na mstari wa pili: "Magurudumu ya mbele yamepinda, nyoosha kabla gundi haijakauka." Akaisoma, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa jaji.

"Mjomba, hayajapinda. Gari linakata kona."

Jaji akatabasamu lile tabasamu la watu wazima. "Linakata kona?"

"Angalia usukani."

Akainama na tochi yake, akachungulia kupitia dirisha la dereva. Nami nikasogea. Usukani mle ndani, mdogo kuliko kifungo cha shati, ulikuwa umezungushwa kushoto, sawasawa na upande wa magurudumu. Si hivyo tu: kichwa cha dereva nacho kilikuwa kimeinamishwa kidogo kufuata kona. Jaji akakaa kimya, akachukua kalamu, akaufuta mstari wake mwenyewe na kuandika pembeni: "Usukani! Sikuuona." Kisha akaita wenzake wawili waje kupima upya.

Chini ya mtindo wa zamani, gari lile lingetolewa mapema na kusingekuwa na wa kumwuliza. Binti angerudi nyumbani akiamini kwamba wazo lake zuri kuliko yote ndilo lililomponza.

Sisemi mtindo mpya hauna adha. Una adha tele. Majaji wanachoka, karatasi za asubuhi zinaandikwa kwa sentensi kamili, za alasiri zinasema "Safi" na "Jitahidi". Ilibidi nipige marufuku maneno hayo mawili. Tena kuandika dosari bila kuumiza ni ufundi wake. Kuna fundi hodari wa brashi ya hewa ambaye nimeacha kumpa ujaji, maana kila anachoandika kinasomeka kama hukumu ya mahakama. Na muda unaenda mara mbili ya zamani. Jana watu walisubiri matokeo mpaka watoto wakalala kwenye viti.

Upo pia upinzani wa mzee wa manowari, ambao siuchukulii kwa wepesi. Yeye anasema dhahabu nyingi mezani ni sawa na kutokuwa na dhahabu. Anasema mtu anakuja kushindana ili ajue yuko wapi kati ya wenzake, na kwamba sisi tumegeuza mashindano kuwa shule. Nusu ya maneno yake ni kweli. Ushindani una utamu wake, na mtu hawezi kukesha akitengeneza ngazi za meli kwa waya kwa ajili ya cheti tu. Ndiyo maana tumebakiza kikombe kimoja cha modeli bora ya siku, kinachochaguliwa na majaji wote kwa pamoja, na kura ya wanachama kwa modeli inayopendwa zaidi. Mara nyingi matokeo ya viwili hivyo hayafanani, na ubishi wake ndio unaotupatia mazungumzo ya mwezi mzima.

Jana meli yake ya 1/700 ilipata fedha. Nilikuwa karibu wakati anasoma karatasi, nikatafuta kitu cha kufanya na mikono yangu. Mstari wa kwanza ulisifu sitaha. Wa pili ulisema: "Nyuzi za mlingoti ni nene mno." Akavua miwani.

"Nene? Huu ni uzi wa milimita 0.1."

Jaji, kijana wa umri wa mjukuu wake, akajibu kwa adabu: "Ndiyo, babu. Lakini mara 700 ni sentimita 7. Waya wa antena hauwi mnene kama kifundo cha mkono."

Nilimwona anapiga hesabu kimoyomoyo. Hakukubali kwa mdomo. Alisema macho hayaoni uzi mwembamba kuliko ule, kwamba ukweli wa hesabu si ukweli wa jicho, na hapo wakaanza mjadala ambao niliuacha ukiendelea nilipokwenda kukunja meza za mwisho. Hata mimi sina uhakika nani ana haki: modeli iliyo sahihi kabisa kwa hesabu wakati mwingine inaonekana haina nyuzi kabisa.

Kabla hajaondoka alinishika mkono akasema safari ijayo anataka kuwa jaji, awaonyeshe vijana namna ya kutazama. Nimemwandika upande wa ndege. Kwenye manowari hawezi, kwa kuwa atakuwa na modeli yake mezani, na tayari ameniuliza ni uzi gani mwembamba kuliko ule.