Uzi unaozuia damu

Ndugu zangu wa Lamu, al-Zahrawi, daktari mpasuaji wa Cordoba huko Hispania, alifariki mwaka 1013, na kazi yake ya kufunga mishipa ya damu kwa uzi naiona kila wiki thieta, chumba cha upasuaji.

Juzi tuliletewa kijana mkata mikoko, shoka limemteleza likampasua kiganjani, karibu na kifundo. Damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo, nyekundu sana: ateri hiyo, mshipa unaotoa damu moyoni. Daktari kwanza alihakikisha ateri ya pili ya mkono inafikisha damu vidoleni. Ndipo akaubana mshipa kwa koleo ndogo, akapitisha uzi mweusi wa hariri, akakaza mafundo matatu. Damu ikakatika papo hapo. Alhamdulillahi!

Kufunga huko kunaitwa ligecha, kutoka neno la Kilatini ligare, kufunga. Ulaya, majeruhi waliokatwa viungo walikuwa wakichomwa kwa chuma cha moto ili damu ikome (mateso juu ya mateso), mpaka daktari mpasuaji Ambroise Paré wa Ufaransa alipoanza kuwafunga mishipa mwaka 1552. Lakini al-Zahrawi alikuwa ameshaeleza kufunga ateri kwa uzi zaidi ya miaka 500 kabla yake, tena kwa Kiarabu. Walimu wetu wa vyuoni, wafundisheni watoto jina hili.