Vidole vya baridi

Mara ya kwanza kupiga gitaa mbele ya watu ilikuwa harusini, Mwanjelwa. Juni ya Mbeya mnaijua: baridi inang'ata, lakini viganja vyangu vilitoka jasho hadi kidole cha pete kikateleza kwenye uzi. Niliacha wimbo katikati.

Aliyeniokoa ni mama mdogo, mwanakwaya wa miaka mingi. "Mwanangu, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta." Kweli, pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo unaokwenda mbio. Siku hizi kabla ya kupanda jukwaani nabana mikono kwapani ipate moto, navuta kwa nne, natoa kwa nane.

Bado natetemeka. Jumamosi nilitetemeka mpaka ubeti wa pili, nikamwona bibi mmoja kiti cha mbele akipiga makofi, nikampigia yeye.