Maji matamu ya ngamani

Asubuhi nimekuta kidimbwi chini ya sinki. Kabla sijafikiri, nikachovya kidole nikalamba. Binti yangu akakodoa macho: "Mama! Unaonja maji ya sakafuni?" Nikamwambia ni mazoea. Sikumwambia niliyapata wapi.

Ilikuwa siku ya 11 tangu tung'oe nanga Visiwa vya Kanari, na zile maili 2,700 za kwenda Karibi hatujazifikisha nusu. Tulikuwa watatu. Zamu saa tatu usukanini, sita za kupumzika, na hizo sita unazilala kwa vipande, umejibana kwa mito usibiringike. Upepo ulitusukuma kutoka tezi, yaani nyuma, usiku na mchana, chombo kinalalia huku, kinalalia kule.

Saa nane usiku nilishuka kuchemsha maji. Nikakanyaga pampu: fyuu, hewa tupu, matone mawili. Nikainua ubao wa sakafu. Ngama, lile shimo la chini kabisa la chombo, ilikuwa imejaa. Maji meusi yanakwenda na kurudi kwa kila wimbi, yanang'aa kwenye kurunzi, njiti ya kiberiti inaelea juu yake kama mtumbwi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilidhani ni methali tu.

Ukikuta maji humo, unaonja. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia. Yakiwa matamu, chombo ni kizima, ila maji yenu ya kunywa ndiyo hayo. Nilipiga magoti, kidole kimetangulia, ulimi unakataa. Hapo nilikaa muda, sijui mrefu kiasi gani. Nikalamba.

Matamu. Yana dizeli, lakini matamu.

Nilishukuru kwa muda wa wimbi moja.

Nahodha nilipomwamsha hakuniamini, akaonja mwenyewe. "Hatuzami, mwanangu," akasema, akijifuta mdomo. "Tutakauka tu."

Yalibaki madumu manne ya lita 20, yaliyofungwa sitahani. Lita mbili kwa mtu kwa siku, vyombo tukaosha kwa maji ya bahari. Mvua tuliikinga mara mbili kwenye tanga kubwa. Ya mwanzo unaimwaga, maana inasuuza chumvi ya kitambaa. Tukafika, midomo imepasuka, tumechokana, wazima.

Tatizo lilikuwa kibano cha mpira wa tangi, kilikuwa kimelegea. Nahodha alisema ni mtikisiko. Huenda. Ila kibano kile nilikikaza mimi, kwa vidole, jioni ya mwisho bandarini, nikijiambia nitarudi na bisibisi. Aliponiangalia nilikuwa nimeshika kurunzi. Nikaendelea kuishika.

Leo nimeingia chini ya sinki na bisibisi. Kibano kimekazwa barabara. Maji yanatoka kwingine, na mpaka sasa sijajua ni wapi.