Vyombo vya mdogo wangu

Jana nilizunguka Ngamiani, Tanga, na mama mkubwa tangu asubuhi, tukinunua vyombo vya mdogo wangu anayeolewa mwezi ujao. Masufuria na sahani tulimaliza upesi. Kazi ilikuwa kwenye mbuzi ya nazi. Mama mkubwa aliikalia kila moja palepale dukani kuona kama inacheza, kisha akapitisha kidole gumba kwenye meno: "Haya butu, mwanangu. Nazi itatoka mapande, tui utalipata wapi?" Tukachukua ya nne, mbao nzito, haitikisiki.

Vyungu navyo alivigonga kimoja kimoja, ametega sikio. Kinacholia kama kengele ni kizima. Chenye sauti nzito, iliyokufa, kina ufa hata kama huuoni.

Wapo wanaoniuliza, blenda si ipo? Ipo, na tumemnunulia. Ila umeme ukikatika wageni wako sebuleni, mbuzi haina habari.

Kifumbu cha kuchujia tui hatukununua. Mama mkubwa alifungua mkoba akatoa chake cha ukindu, kimeshika rangi kwa tui la miaka mingi. "Hiki alinipa bibi yenu. Mpelekee." Nilikishika, machozi yakanitoka.