Siku moja na saa yangu Dodoma

Saa 11:20 alfajiri. Kitu cha kwanza ninachogusa kila siku ni saa yangu ya mkono, simu baadaye. Ipagala bado giza, jogoo wa jirani ameshaanza, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda natia ufunguo. Kidole gumba na cha shahada, mbele na nyuma, taratibu, huku vijino vya ndani vikipita kimoja kimoja mpaka kamani ikaze na kugoma. Hapo naacha. Ikijaa inatembea siku mbili, lakini mimi naitia kila alfajiri, kwa sababu kamani iliyoshiba huvuta kwa nguvu zilezile na saa haiyumbi.

Kisha nainua simu nilinganishe. Kwa kawaida saa yangu hutangulia sekunde nne au tano kwa siku, hesabu ninayoiandika kwenye kidaftari tangu nilipoipata. Leo imetangulia dakika 22.

Nimetazama mara ya pili, nikaiweka sikioni. Inakwenda, lakini mlio wake si ule niliouzoea. Nimeirudisha nyuma, nikaivaa hivyohivyo, na moyo haujatulia.

Saa 1:10 asubuhi. Niko barabarani kuelekea saiti, upande wa Mtumba. Mimi ni mkandarasi wa majengo, na kwa sisi wa kazi hii Dodoma imekuwa na mengi tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Saa hii niliilipia kwa malipo ya mwisho ya nyumba yangu kubwa ya kwanza. Bei yake ilikuwa kama bajaji mpya mbili. Mama yangu aliniuliza mara moja tu, "Na wakati wake unapita tofauti na wa wengine?" Sikumjibu siku ile.

Inaitwa Felix. Imetengenezwa na Habring², karakana ndogo ya mume na mke, Richard na Maria Habring, katika mji wa Völkermarkt, kusini mwa Austria. Ile ² ndogo ni wao wawili. Walianza mwaka 2004, na kabla ya hapo Richard alikuwa IWC, kiwanda cha saa huko Uswisi, alikobuni saa ya kupima nyakati yenye mishale miwili ya sekunde, mmoja ukisimama mwingine unaendelea. Kwa miaka kadhaa walijengea saa zao juu ya vipuri vya kiwanda kikubwa, kama mafundi wengi wadogo wa Ulaya. Kiwanda kilipoanza kubana mauzo ya vipuri, wakaamua kutengeneza mashine yao wenyewe. Ikatoka mwaka 2014, ndani ya Felix. Mtu akikunyima tofali, ukajenga tanuri lako mwenyewe, mimi hapo nakuvulia kofia.

Uso wake ni mtulivu. Kipenyo milimita 38.5, mishale miwili, na sekunde zina kijiduara chake upande wa kushoto, palipo na tisa. Kwangu mimi hapo ni saa tatu. Nilifundishwa kusoma saa kwa kutazama ng'ambo: mshale mfupi ukiwa kwenye saba, tazama upande wa pili wa uso, utakuta moja, basi ni saa moja. Mpaka leo jicho langu linavuka uso mzima kila ninapotaka kujua wakati, na napenda kwamba saa iliyochorwa kwa watu wengine kabisa inanikubalia Kiswahili changu bila kubadilishwa hata namba.

Saa 2:30. Lori la zege limefika. Leo tunamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, la ghorofa ya kwanza.

Zege halingoji mtu. Tangu maji yanapokutana na saruji kiwandani una kama dakika 90 za kulimwaga na kulishindilia, na kwa jua la Dodoma usizitumie zote. Huwa nasoma muda ulioandikwa kwenye karatasi ya dereva, natazama mkononi, najua nimebakiwa na nini. Leo nimetazama mkononi nikaona tayari imetangulia dakika tatu nyingine tangu alfajiri. Nimeivua, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye mkoba ndani ya gari. Siku ya zege huwa naivua hata ikiwa nzima, kwa sababu ya mtetemo wa ile mashine ya kushindilia, ila leo nimeivua kama ninayemwondoa mgonjwa kwenye kelele.

"Mama, leo mkono mtupu?" fundi mkuu ameniuliza.

"Inaumwa."

"Pole," amesema, na ameisema kwa dhati. Saiti nzima wanaijua hiyo saa.

Saa 4. Chai, chapati mbili, tumesimama. Jamvi linaendelea vizuri.

Saa 7 mchana. Ugali wa uwele na mlenda chini ya mti. Kijana wetu wa marumaru amekaa mbali kidogo, kanuna. Asubuhi nilimwambia abomoe mistari mitatu ya sakafu ya choo cha chini, kwa sababu pima maji ilionyesha inalala upande usio na mfereji. Si mvivu, ana mkono mzuri. Nikamwita.

Nimemsimulia habari za Roger Smith, Mwingereza. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alitaka kujifunza kwa George Daniels, fundi aliyekuwa akiishi Kisiwa cha Man na kutengeneza saa karibu nzima kwa mikono yake, ndiye aliyebuni mtindo mpya wa kuachia nguvu ya kamani kidogo kidogo, ule unaotoa tiki-tiki, ambao kampuni ya saa ya Omega iliuchukua mwaka 1999. Smith akatengeneza saa ya mfukoni peke yake, mwaka na nusu wa kazi, akampelekea mzee. Mzee akaikataa: inaonekana imetengenezwa kwa mikono. Yaani alama za mkono zilikuwa zimebaki, na kwa Daniels mkono mzuri haubakizi alama. Smith akarudi nyumbani akaanza ya pili, na hiyo ikamchukua miaka mitano. Aliporudi nayo mzee akaitazama kipande kwa kipande, akimuuliza kila kimoja kakitengeneza nani. Vyote ni yeye. Akakubaliwa kuwa fundi.

"Miaka mitano," kijana amesema, "kwa saa moja?"

"Moja."

Amenawa, amerudi chooni, na nimesikia nyundo.

Sikumwambia mengine, lakini hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitoe pesa yangu kwa saa ya mafundi wawili wenye majina badala ya saa yenye nembo ambayo kila mtu mjini angeitambua. Nimejenga vya kutosha kujua mahali pa kuficha uvivu: chini ya plasta, ndani ya dari, nyuma ya kabati. Saa ina sehemu nyingi zaidi za kuficha, na aliyeweka jina lake mlangoni hana pa kwenda.

Saa 10:40 jioni. Jamvi limeisha, limefunikwa na kumwagiwa maji. Nimekuja moja kwa moja mpaka karibu na soko la Majengo, kwa mzee fundi saa anayekaa barazani. Meza yake ina kisanduku cha kioo, makopo ya vipuri vya Seiko 5 za zamani, na lenzi yenye kamba aliyoivaa kichwani muda mrefu mpaka imemwachia alama kwenye paji la uso.

Kabla yake niliwahi kuipeleka duka moja Dar es Salaam kukaguliwa. Kijana pale akaniambia betri imekwisha. Saa hii haina betri, haijawahi kuwa nayo. Niliichukua nikaondoka, na tangu siku hiyo nauliza kwanza fundi anatengeneza nini, ndipo namkabidhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo una uso wa msiba."

Nimemweleza. Hakuifungua. Ametoa dira ndogo kwenye droo, akaiweka mezani, akasubiri sindano itulie. Kisha ameisogeza saa yangu polepole kutoka pembeni, na sindano ikageuka kuifuata. Ameirudisha, sindano nayo ikarudi. "Sumaku," amesema.

Ndani ya saa kuna gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi, na kinacholirudisha ni kamani nyembamba kama unywele iliyojiviringisha. Ndiyo pumzi ya saa. Yangu inapiga mara nane kila sekunde. Kamani hiyo ikiingiwa na sumaku, mizunguko yake inashikana, inakuwa kama imefupishwa, pumzi inakuwa fupi, na saa inakimbia. Haijavunjika kitu.

Ana kisanduku cha umeme chenye kitufe. Ameweka saa juu, amebonyeza, kisha ameinua saa taratibu mpaka mkono wake umenyooka wote, ndipo akaachia kitufe. "Ukiachia ikiwa karibu, umeiongezea," amesema. Mara ya pili, kwa hakika. Dira ikakaa kimya kama hakuna kitu mezani.

Nilidhani atanirudishia. Ameigeuza, akashusha lenzi, akaanza kuitazama kupitia kioo cha nyuma, muda mrefu, mpaka mteja mwingine aliyekuwa na redio akaamua kuketi. Amenionyesha kwa ncha ya kibano, bila kugusa, kingo za daraja, kipande kinachoshikilia magurudumu, zilizolainishwa zikashika mwanga wa jioni kama ukingo wa jani lenye umande. "Hapa hapaonwi na mtu akishavaa," amesema. Baadaye kidogo: "Na baba yake namjua huyu. Valjoux." Ni kweli. Akina Habring walichora mashine yao wakifuata mpangilio wa Valjoux 7750, mashine ya miaka ya 1970 iliyofunguliwa na mafundi duniani kote. Mzee wa Majengo hajawahi kuiona Felix, na akautambua ukoo wake.

Shilingi 5,000. Nimempa 10,000, akakataa, tukakubaliana kwa 7,000 na soda.

Saa 1 usiku. Nyumbani nimemtafuta mwenye kosa. Yuko kando ya kitanda: kasha jipya la simu linalojifunga kwa sumaku, nililonunua juzi. Usiku mzima saa ilikuwa imelala juu yake. Nimehamishia simu sebuleni.

Saa 3:45 usiku. Mama ameniomba aisikilize. Ameiweka sikioni, amefumba macho, na amekaa hivyo kitambo. "Inapumua polepole sasa," amesema. Nimeiangalia pamoja na simu. Tangu kwa mzee, zaidi ya saa nne, hazijapishana hata sekunde moja.